Maswali ya Wasomaji: Mtoto Amefika na Faili Lake

Tangu Kenya ilipositisha wageni kuasili watoto wa hapa, Novemba 2014, wengi hudhani habari ya kuasili kuvuka mpaka imekwisha. Barua zinazotufikia zinasema vingine. Wakenya waliokuwa kazini Kampala, Lusaka au Johannesburg wanarudi Nairobi na mtoto waliyemuasili huko, na mara nyingi ni mtoto aliyekaa sana kwenye makao kwa sababu ya ugonjwa. Wiki za kwanza ni shangwe na picha. Wageni wakishaondoka, mama anabaki na chupa za dawa, saa ya ukutani na faili la hospitali ambalo nusu ya kurasa hazisomeki.

Tumechagua barua nne. Majibu yameandikwa kwa pamoja na muuguzi wa watoto, mtaalamu wa matamshi na afisa wa ustawi wa jamii. Dozi za dawa hatuzitaji. Hupimwa kwa kilo za mtoto, na anayempima ni daktari wenu.

*

Wahariri, hamjambo. Tumemuasili binti wa miaka minne kutoka Uganda, tulikoishi miaka mitatu. Alizaliwa na mgongo wazi na maji kichwani, akapasuliwa Mbale akiwa mchanga. Kichwani hana mrija wa kutoa maji. Anatembea kwa shida na anavaa splinti za kushikilia miguu. Nilifundishwa kumtoa mkojo kwa mpira (katheta) mara nne kwa siku, lakini tangu tufike Nairobi anavuja katikati, na tumempa antibiotiki mara tatu tangu Januari. Kituo cha mchana kilicho karibu kimemkataa. Baba yake anaogopa kumuumiza, kwa hiyo ni mimi tu. Nimeomba ruhusa kazini mpaka naona haya kuomba tena.
Mama Imani, Donholm

Mama Imani, tuanze na saa. Kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, ukimtoa mkojo mara nne, kila pengo ni la saa tano. Kwa umri wake tunataka saa tatu, zikizidi sana nne. Kibofu cha mtoto kina kipimo chake: chukua umri, jumlisha mbili, zidisha kwa 30. Kwa Imani ni 4 na 2, mara 30, yaani mililita 180. Tafuta jagi la plastiki lenye alama za mililita, na kwa siku tatu uandike kila unapomtoa: saa ngapi, mililita ngapi, nepi kavu au imelowa.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia kinachovuja ni nini. Ukipata 220 au 250 mara kwa mara, kibofu kinafurika, fupisha muda. Ukipata 60 au 80 tu na nepi imelowa, kosa si la saa. Kibofu kinajikaza chenyewe, na hapo anahitaji daktari wa mfumo wa mkojo, pengine na dawa ya kukilegeza. Msilingoje hili. Kibofu kinachojikaza husukuma mkojo urudi juu kwenye figo, na figo huharibika polepole bila mtoto kulia hata mara moja. Kuvuja kukiwa kupya, piga picha ya figo ya ultrasaundi sasa, kisha angalau mara moja kila mwaka hata mambo yakiwa shwari. Na ikiwa pamoja na kuvuja miguu imezidi kudhoofu au analalamika mgongo, mpeleke kwa daktari wa upasuaji wa neva: uti wa mgongo unaweza kuwa umenasa kwenye kovu la zamani, na mtoto anavyorefuka nao unavutwa.

Kabla ya yote hayo, angalia choo. Kinyesi kilichojaa hukandamiza kibofu, na hii ndiyo sababu tunayoikuta kuliko nyingine zote. Dakika 20 hadi 30 baada ya kifungua kinywa, na vivyo hivyo baada ya chakula cha jioni, mkalishe chooni, wakati matumbo yanaamka yenyewe, miguu ikiwa imekanyaga kigoda isining'inie. Papai, maharagwe, sukuma na maji ya kutosha mchana kutwa. Ile dawa ya kulegeza kibofu nayo hufunga choo, kwa hiyo siku anapoianza ndiyo siku ya kuongeza papai.

Sasa kazi yenyewe. Osha mikono kwa sabuni. Mlaze chali, magoti yametanuka, mpanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Paka ncha ya mpira jeli ya kulainisha inayoyeyuka majini; usitumie mafuta ya mgando, hayasafishiki ndani ya kibofu. Kwa mtoto wa miaka minne, saizi 8 ndiyo inayotumika mara nyingi. Tanua mikunjo kwa vidole viwili: tundu la mkojo liko juu kidogo ya tundu la uke. Ukiingiza mpira na mkojo usitoke, huenda umeingia ukeni. Uache hapohapo uwe alama, chukua mwingine, uelekeze juu yake. Mkojo ukianza kutoka, sukuma sentimita moja au mbili zaidi, ungoje uishe. Unapotoa, vuta polepole. Ukianza kutiririka tena, simama. Wanaoharakisha hapa huacha mkojo chini ya kibofu, na huo ndio unaooza. Mpira ukikwama, usiusukume kwa nguvu. Mwambie akohoe au apulize mshumaa wa kubuni, misuli italegea.

Jina la Kiswahili limetuletea hatari hapa. Tunauita mpira, lakini mpira wenyewe, yaani lateksi, watoto wa mgongo wazi wengi huuchukia mwilini kwa sababu wameguswa nao tangu upasuaji wa kwanza. Wengine hutoka vipele, wengine hushindwa kupumua. Uliza wa silikoni au wa plastiki. Glavu za daktari wa meno ziwe za aina nyingine, na baluni za sherehe zisiingie nyumbani.

Kama unaosha na kuutumia tena, uoshe papo hapo kwa sabuni na maji safi, upige maji ndani kwa bomba la sindano, uukung'ute, uuanike juu ya kitambaa safi hadi ukauke kabisa. Siku za mgao wa maji weka akiba dumu la lita mbili lisiloguswa kwa kazi nyingine. Mpira uliofichwa ungali na unyevu ndani ya karatasi ya nailoni ni shamba la vijidudu. Ukianza kukakamaa au kuwa na ukungu, tupa.

Kuhusu antibiotiki, pengine hazikuhitajika zote tatu. Mtoto anayetolewa mkojo kwa mpira karibu kila mara huwa na bakteria kwenye mkojo, na kijiti cha kliniki cha kupimia mkojo kitabadilika rangi hata akiwa mzima. Tunatibu akiwa na homa, maumivu, kutapika, damu, au ameanza kuvuja ghafla. Hata hapo, sampuli itolewe kwa mpira mpya, isikamuliwe kwenye nepi, na ipelekwe kuoteshwa maabara kabla ya kidonge cha kwanza. Ukimpa dawa kila kijiti kinapobadilika, utafika siku ya ugonjwa wa kweli na dawa hazifanyi kazi.

Baba Imani afundishwe. Siku tatu asimame aone. Siku tatu nyingine mikono yake ifanye, wewe ukielekeza kwa mdomo tu. Siku ya saba toka nyumbani saa nne nzima, usipige simu. Mwambieni ukweli huu: sehemu hiyo Imani huenda hasikii chochote, na tone moja la damu si jeraha. Familia tunazoziona zikichoka hadi kuvunjika, mara nyingi kilichozivunja si ugonjwa. Ni mtu mmoja kujua kila kitu peke yake.

Kituo cha mchana nacho kirahisishieni kazi. Ratiba ya saa kumi na mbili na nusu, saa nne, saa saba na nusu, saa kumi na moja na saa mbili na nusu usiku inawaachia wao mara mbili tu, na akitoka saa sita na nusu inawaachia mara moja. Wapelekeeni mkoba uliopangwa na karatasi ya hatua sita, na umfundishe mwalimu mmoja pamoja na msaidizi wake. Imani mwenyewe ajue majina ya wanaoruhusiwa: mama, baba, mwalimu fulani, nesi. Mtoto aliyezoea kuvuliwa nguo na watu wazima asipofundishwa mapema nani aguse na kwa kazi gani, hana namna ya kumtambua mbaya. Msimruke hapo kwa kuona aibu. Kwa PP1, yaani darasa la kwanza la chekechea, kituo cha tathmini ya elimu cha kaunti ndogo yenu kitampima na kuandika anachohitaji, na shule husikiliza barua hiyo kuliko maneno ya mzazi.

Kichwa. Mbale ndiko Dkt. Benjamin Warf alikoendeleza, miaka ya mwanzo ya 2000, upasuaji wa kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo na kuchoma sehemu ya tishu zinazoyatengeneza, ili mtoto asitegemee mrija. Yaelekea ndio aliofanyiwa Imani. Ripoti ya upasuaji itathibitisha. Njia hiyo ikiziba, mara nyingi huziba miezi sita ya kwanza, lakini inaweza kuziba hata baada ya miaka, na kwa ghafla. Daktari asiyejua atapapasa kichwa, akose mrija, aseme hakuna shida. Andikeni kadi ya kukaa kwenye mkoba: "Alitobolewa njia ya maji ubongoni, hana mrija. Kuumwa kichwa asubuhi, kutapika bila kuhara, usingizi usio wa kawaida, makengeza mapya au degedege ni dharura. Apigwe picha ya kichwa." Mtu akiwaambia ni malaria na hamjatoka Nairobi, ombeni picha. Hospitali ya Kenyatta na ile ya Kijabe zina madaktari wa upasuaji wa ubongo. Mbale waombwe picha ya kichwa ya mwisho, kwa sababu bila ya zamani hakuna wa kusema maji yameongezeka.

Na kwa kuwa alikulia Uganda, ikiwa lugha yake ya kwanza ni Kiganda, kila mtu nyumbani ajue "omutwe gunnuma." Ni Kiganda, kichwa kinaniuma. Mtoto akiumwa sana hurudi kwenye lugha yake ya kwanza, na dada asiyeielewa atadhani analialia tu.

La mwisho ni miguu. Haisikii moto. Kwenye matatu msimkalishe karibu na injini. Maji ya kuoga pima kwa kiwiko. Kila jioni vua splinti na soksi, tazama visigino na vifundo. Wekundu usiofifia baada ya nusu saa maana yake splinti inabana, na fundi airekebishe kabla hajaivaa tena.

*

Habari zenu. Mtoto wetu ana miaka mitatu, tulimuasili Afrika Kusini. Alizaliwa na mdomo wa sungura na kaakaa iliyopasuka. Mdomo ulishonwa mapema, kaakaa ikashonwa akiwa na miaka miwili. Uji bado hutokea puani mara mojamoja. Maneno yake hayaeleweki, na mimi ananiita "mama". Mama mkwe anasema ni Kizulu kinachanganyikana na Kiswahili, tungoje. Jirani anasema apulize baluni kila siku. Tufuate lipi?
Baba Tumaini, Kahawa West

Baba Tumaini, hilo la kukuita "mama" ndilo lililotujibia nusu ya swali. Neno "baba" ni lilelile Kizulu na Kiswahili, kwa hiyo lugha haina lawama. Ili kusema b, kaakaa laini lazima ipande ifunge njia ya pua, hewa ijikusanye nyuma ya midomo. Isipofunga, hewa hupanda puani, na b iliyotokea puani ni m. Mtoto anasema "baba" kwa nia yote. Pua ndiyo inayoligeuza.

Mnaweza kupima nyumbani. Weka kioo kidogo kwenye friji dakika kumi, kishike chini ya pua yake, aseme "papai", "kuku", "tikiti", "baba". Maneno hayo hayana sauti ya puani hata moja. Kioo kikiingia ukungu kila silabi, hewa inavuja. Usimpime kwa "mama" wala "nanasi", hayo hutia ukungu hata kwa mwenye kaakaa nzima. Sikiliza pia "kuku": akisema "u'u", akikata sauti kooni, amejifundisha kutengeneza k mahali ambapo hewa haijavuja bado. Tabia hiyo huzoeleka kwa watoto walioshonwa wakiwa wamechelewa. Kaakaa kwa kawaida hushonwa kati ya miezi 9 na 18, kabla maneno hayajawa mengi. Tumaini alikuwa na mwaka mzima wa kuongea na kaakaa wazi. Upasuaji hauondoi mazoea hayo. Yanaondolewa na mtaalamu wa matamshi, na mzazi nyumbani dakika kumi mara mbili kwa siku.

Baluni acheni. Mtoto anaweza kuwa bingwa wa kupuliza na bado akasema "mama" kwa "baba", kwa sababu kaakaa hufanya kazi kwa namna tofauti mtu anapopuliza na anapoongea. Sauti hufunzwa kwa sauti. Anzeni na p: sema "p" ya kunong'ona, weka kipande cha tishu mbele ya midomo yake kiruke, huku ukimbana pua kidogo kwa vidole ili ahisi hewa inavyopaswa kutokea mdomoni. Kisha achia pua, arudie. Akiipata, ipeleke kwenye "pa", ndipo "papai". Msimrekebishe wakati wa chakula wala mbele ya wageni. Mtoto anayekatizwa kila anapofungua mdomo hunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hafundishiki. Baada ya miezi ya mazoezi hewa ikiendelea kuvuja, daktari wa upasuaji anaweza kurekebisha kaakaa tena. Kwa kawaida uamuzi huo hungoja mtoto aweze kutulia kwenye vipimo, kuanzia miaka minne hivi.

Uji wa puani wataka tochi. Mwambie afungue mdomo aangalie dari, mulika juu. Kitundu kidogo kwenye mshono si jambo geni, na daktari ataamua kama kinastahili kuzibwa sasa. Hadi hapo ale akiwa ameketi wima, uji uwe mzito kiasi, kijiko kidogo, na anywe maji kidogo baada ya kula ili mabaki yasikae kwenye kitundu.

Hamkutaja masikio, na sisi tunayatilia shaka. Misuli inayofungua mrija wa sikio la kati imeshikiliwa na kaakaa. Kaakaa ikiwa na kasoro, maji hukwama nyuma ya ngoma bila homa wala maumivu. Mtoto anasikia kama aliye chini ya maji. Mwite kwa sauti ya kawaida ukiwa nyuma yake, akishughulika na kitu. Asipogeuka mara mbili kati ya tatu, msingoje. Hata akigeuka, apimwe usikivu kila miezi sita. Maji yakikaa zaidi ya miezi mitatu na usikivu umepungua, huwekewa vibomba vidogo kwenye ngoma ya sikio. Mazoezi yote ya p na b ni kazi bure kwa mtoto asiyezisikia.

Mama mkwe naye mpeni kazi. Achukue zile dakika kumi za jioni na kioo. Akishauona ukungu kwa macho yake, suala la Kizulu litaisha lenyewe.

*

Mimi ni shosho, naishi Limuru. Mwanangu na mkewe walirudi kutoka Zambia na kijana wa miaka mitano mwenye ugonjwa wa seli mundu. Nampenda kama wajukuu wengine. Lakini wanakataa aje kwangu likizo, wanasema baridi ya huku itamdhuru. Nilipokaa naye Nairobi nilimkuta anaficha chapati chini ya mto. Nilimnyima maji usiku kwa sababu anakojoa kitandani, mkaza mwanangu akakasirika sana. Nimekosa wapi?
Shosho wa Limuru

Shosho, tunakushukuru kwa kuandika. Kwa watoto uliowalea, kuwanyima maji usiku ilikuwa njia ya kawaida. Kwa huyu ni hatari. Seli zake nyekundu zikipungukiwa maji hujikunja kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, na hapo maumivu ya mifupa huanza. Figo zake pia haziwezi kukaza mkojo kama zetu, kwa hiyo mkojo wake ni mwingi na mwepesi usiku na mchana. Kitanda kulowa ni sehemu ya ugonjwa. Mtandikie shuka la plastiki chini, mwamshe mara moja usiku, na maji anywe. Kijana wa kilo 18 anahitaji kama lita moja na nusu kwa siku, uji na supu zikihesabiwa.

Kuhusu likizo, maoni yetu ni kwamba aje, ila si kati ya Juni na Agosti, na usiwe na wasiwasi tu bali uwe na vifaa. Baridi ni kweli huamsha maumivu, zaidi ile ya ghafla: kutoka kwenye maji ya kuoga hadi uani, au kulala na soksi zilizolowa umande. Aoge mchana, akaushwe ndani, avae fulana chini ya sweta. Jiko la makaa lisilale naye chumbani hata baridi iwe kali namna gani. Hewa yake huua.

Nunua kipimajoto cha kidijitali. Homa ikifika 38.5, hapo si suala la kungoja asubuhi wala kumpa panadol na kuona. Wengu lake halimkingi tena vizuri, na maambukizi ya damu yanaweza kumwangusha ndani ya saa chache, kwa hiyo ni hospitali moja kwa moja, na useme neno "seli mundu" mlangoni. Mkaza mwanao akufundishe kupapasa wengu: mtoto amelala chali, vidole vyako vikipanda kutoka kitovuni kuelekea chini ya mbavu za kushoto. Lijue lilivyo akiwa mzima. Likivimba ghafla, naye amepauka na kulegea, damu imejifungia humo. Usiku huohuo apelekwe. Mdomo au mkono ukilegea upande mmoja, vivyo hivyo. Dawa zake za kila siku zikaguliwe na kuhesabiwa kabla hajaondoka Nairobi, zitoshe siku atakazokaa kwako na tatu za ziada.

Chapati chini ya mto, Shosho, si wizi wala tamaa. Kwenye makao chakula huja kwa saa na kwa zamu, na aliyechelewa hukosa. Mwili wake haujaamini kwamba kesho kipo. Ukimwaibisha ataficha mahali pa mbali zaidi. Mpe kopo lake lenye kifuniko, weka ndizi na biskuti mbili, likae mahali anapoliona, ulijaze mbele ya macho yake kila jioni. Ale milo mitatu na vitafunio viwili kwa saa zilezile. Ndani ya miezi michache kopo huanza kulala na ndizi yake ndani.

Na kama uliona wanakuzuia kumlisha au kumbeba wiki za mwanzo, si dharau. Mtoto aliyelelewa na walezi wa zamu hukimbilia kila mtu na hamwegemei yeyote. Wazazi huombwa wamlishe, wamwogeshe na kumbembeleza wao tu kwa muda, ajue wake ni nani. Kisha mduara hupanuliwa, na wewe ndiwe wa kwanza kuingizwa.

*

Mimi na mume wangu tumeishi Kampala na tunamaliza mwaka wa kumlea mtoto mwenye tatizo la moyo tunayetaka kumuasili. Tunarudi Nairobi baadaye mwaka huu. Karatasi gani tusisahau?
W. K., Kampala

Sheria ya Uganda, baada ya marekebisho ya 2016, huwataka wageni wawe wameishi huko mwaka mmoja na kumlea mtoto mwaka mmoja chini ya uangalizi wa afisa wa ustawi. Hapo mko sawa. Jueni tu kwamba Uganda haimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili kati ya nchi. Kenya imo. Watoto wanaotoka nchi mwanachama kama Afrika Kusini huja na cheti kinachofanya uasili utambuliwe huku moja kwa moja. Wenu hatakuwa nacho. Mwoneni wakili wa mambo ya familia Nairobi mkiwa bado Kampala, mkiwa na nakala ya amri ya mahakama iliyothibitishwa.

Uraia hauji wenyewe. Ibara ya 15(3) ya Katiba ya 2010 inampa mtoto aliyeasiliwa na raia haki ya kusajiliwa akiombewa, na neno la kushika ni "akiombewa". Kazini, marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2021 yanakupa mwezi mmoja wenye mshahara mtoto anapokabidhiwa kwako, ukiwa umemwarifu mwajiri kwa maandishi siku 14 kabla. Hati inazozitaja sheria hiyo ni za vyama vya kuasili, kwa hiyo zungumza mapema na afisa wa wafanyakazi kuhusu zile za Uganda. Msajilini SHA, bima ya afya ya serikali, kama mtegemezi wiki ya kwanza. Mkikata bima ya kampuni, ulizeni kwa maandishi mambo mawili: kikomo cha magonjwa ya kuzaliwa nayo, na miezi ya kungoja. Hapo ndipo wengi hugundua bima waliyolipia haina kitu kwa mtoto wao.

Kwenye hospitali ya Kampala chukueni ripoti ya upasuaji yenyewe, si muhtasari wa kuruhusiwa. Picha za moyo ziwe kwenye diski, pamoja na kiwango chake cha kawaida cha oksijeni kwa asilimia. Kuna watoto wa moyo ambao 80 ni siku njema. Daktari wa zamu asiyejua atamkimbiza wadi mahututi, au kinyume chake, atamrudisha nyumbani aliyepaswa kuwa 97. Ombeni tarehe za kuongezewa damu, maana kipimo cha seli mundu hakiaminiki hadi miezi mitatu ipite. VVU, homa ya ini B, kaswende, kifua kikuu na kinyesi vipimwe upya mkifika, hata kama faili linasema ni safi.

Halafu nendeni kwa mlezi aliyekuwa naye usiku kabla hajawa wenu. Mwambieni awaeleze, simu ikirekodi, mtoto hulala vipi, upande gani, hupewa nini mkononi. Midomo yake huwa rangi gani akilia, na hutulizwa kwa maneno gani. Mwacheni amwite jina kama alivyozoea kumwita, mara mbili tatu, polepole.